Mfuko wa Mbele kwenye Blekimamba ya Baba

Ilianza Jumamosi ya kwanza baada ya shule kufungwa, mwezi wa Desemba, saa nane na dakika ishirini mchana. Saa hiyo naijua kwa sababu baba aliitazama mkononi akaitaja kwa sauti, kama alivyozoea kufanya darasani kabla ya mtihani.

"Saa nane na dakika ishirini," alisema. "Unaweza kuanza, mama."

Huniita mama kwa sababu nina jina la mama yake. Huku kwetu binti wa kwanza hupewa jina la nyanya mzaa baba. Shangazi yangu, dada yake baba, naye huniita mama, hata wakati anaponitukana.

Nilikuwa nimechuchumaa mbele ya baiskeli yake, blekimamba nyeusi iliyonizidi umri, mfuko ukiwa miguuni na spana mkononi. Kazi yangu ilikuwa kuufunga ule mfuko kwenye usukani kabla ya saa kumi. Saa kumi baba angepanda baiskeli ikiwa na mzigo wake wote, apande mlima kutoka lango letu hadi lango la kanisa. Akifika bila kushuka, kesho yake alfajiri angeteremka hadi Siakago, na mimi nyuma yake kwa baiskeli ya kuazima. Akishuka njiani, hakuna Siakago. Ndivyo walivyopatana na mama, mbele yetu sote, kwa maana daktari wa mjini alikuwa amesema moyo wa baba umechoka na hataki kusikia tena habari ya baiskeli.

Siakago ndiko baba alikopelekwa kufundisha mara ya kwanza, kabla sijazaliwa. Alikwenda na mama, na huko wakapata mtoto msichana. Aliishi miezi mitano. Homa ilimshika siku ambazo mvua ilikuwa imekata barabara, na hakukuwa na namna ya kumleta huku nyumbani, mzima wala maiti. Alizikwa hukohuko, pembeni mwa shamba la bibi mmoja jirani yao. Mama aliondoka mwezi huohuo na hajarudi tena. Baba hurudi kila Desemba, siku moja ya kushuka na siku mbili za kupanda, na kila mwaka hubeba mche mmoja wa waridi kutoka hapa kwetu mlimani. Kila mwaka mche hukauka. Mwaka mmoja mbuzi waliula kabla hajamaliza kuaga. Niliwahi kumwuliza kwa nini asipande kitu cha kule, kilichozoea jua lao.

"Vya kule anavyo vingi," alinijibu.

Huyo mtoto ndiye aliyekuwa binti wa kwanza. Jina la nyanya lilikuwa lake. Alipokufa jina likabaki halina mtu, na nilipozaliwa nikapewa mimi. Kwa hivyo msalaba ulioko Siakago umeandikwa jina langu. Nitasema ukweli, kwa sababu daftari hili ni langu: nilipokuwa mdogo nilimchukia. Nilidhani baba akiita mama, yuko mwingine anayeitika kabla yangu. Baadaye chuki ikaisha, ikabaki hamu ya kuuona huo msalaba. Baba aliniahidi tungekwenda pamoja nikimaliza kidato cha tatu. Nilikuwa nimekimaliza Ijumaa.

Habari ya mfuko ilitoka kwangu. Miaka yote mche ulisafiri nyuma, kwenye keria, ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia uliofungwa kwa blada, ukanda wa mpira wa tairi kuukuu. Barabara iliutikisa, udongo ukamwagika, na kila baada ya mwendo mfupi baba alishuka kuutazama. Sasa kushuka na kupanda ndiko kulikokuwa kukimchosha. Nikamwambia, tuuweke mbele, auone akiwa anaendesha. Alifikiri, akanyoosha kidole hewani kana kwamba kuna ubao.

"Vizito nyuma," alisema. "Vya kuangaliwa, mbele. Umepita."

Wa kwanza kujaribiwa ulikuwa kiondo cha mama. Kilipendeza, lakini kilining'inia na kuyumba, goti likakipiga kila pedali ilipopanda, na kitako chake kikasuguana na tairi. Wa pili uliletwa na shangazi. Yeye ameolewa Laare na hufunga miraa huko, katika stoo ya mnunuzi, na alikuja na mfuko wa turubai wa wale wanaobeba mzigo kwa boda boda. Ulikuwa na nguvu za kubeba ndama. Ulipokaa kwenye usukani uliziba taa, na baba hakupata pa kuweka mikono.

"Basi aendeshe kwa meno," shangazi alisema, akaukunja kwa hasira.

Wa tatu niliutafuta mwenyewe, mjini Embu, kwenye mitumba. Mimi si mtu wa kuongea na wachuuzi. Niliuona ukining'inia juu ya viatu, nikapita. Nikarudi, nikapita tena. Mara ya tatu mwenye kibanda aliweka chai yake chini.

"Dada, unanipigia doria ama unanunua? Sema tu, mimi siumi."

Nilitoa kamba mfukoni. Nilikuwa nimeifunga mafundo: fundo moja kwa upana ulioko kati ya mikono miwili ya baba, jingine kwa kimo kutoka usukani hadi madigadi, bati linalofunika gurudumu la mbele. Niliupima mfuko bila kumtazama usoni. Ulitosha. Ulikuwa mgumu ubavuni, kwa hivyo mkebe haungelala, na juu ulikuwa na mfuko mwembamba wa plastiki angavu.

"Huo ni wa kamera za wazungu," alisema.

"Ni wa baiskeli," nilisema. Kamba mbili za nyuma zilikuwa na alama ya kubanwa. "Kishikio chake hakipo."

"Kilibaki kwao. Wewe ni fundi kumbe, na umenyamaza hivyo!"

Baba aliufurahia kuliko nilivyotarajia. Aliingiza kidole chini ya plastiki, akauliza ni ya nini, nikamwambia ni ya ramani. Jioni hiyo alichora barabara yote kwa penseli, kutoka lango letu hadi kaburini, akaweka alama penye maji ya kunywa, penye daraja bovu, na penye mti ulio peke yake ambapo huacha barabara.

"Na njia si unaijua, baba?" nilimwuliza. "Ramani ya nini?"

"Ramani ni ya anayesoma," alisema.

Basi Jumamosi ile nikaanza. Kwa kuwa kishikio hakikuwapo, nilipitisha mishipi miwili ya mkoba wangu wa zamani wa shule nyuma ya mfuko, nikaizungusha usukani. Chini niliuegemeza kwenye kile chuma kinachoshika taa, taa nikaishusha kidogo, ili uzito usivute mishipi peke yake. Ukanda wa tatu, wa blada, ulitoka kitako cha mfuko hadi shingo ya baiskeli, usiruke kwenye mashimo. Niliuacha na nafasi ya vidole viwili. Nilikuwa nimeridhika. Ndipo shangazi akatoka jikoni.

"Hapo umefunga ama umebembeleza?"

"Nimefunga, shangazi."

"Toka, mama. Kitu kikipumua hakifiki."

Kule kwao miraa ikifungwa legelege hewa huingia, majani yakanyauka kabla ya kumfikia mlaji. Mikono ya shangazi imefanya kazi hiyo miaka mingi, haijui kufunga kwa namna nyingine. Aliweka mguu kwenye gurudumu, akavuta blada hadi ikawa nyembamba kama uzi, akazungusha, akavuta tena, akamalizia kwa meno. Mfuko ulipanda ukakaa tuli chini ya usukani. Alipoupiga kofi haukutingishika.

"Huo hata ukianguka Siakago, baiskeli itaanguka nao," alisema.

Baba alicheka hadi akakohoa, na mama, aliyekuwa akikanda unga mlangoni, aliacha kukanda mpaka kikohozi kilipokwisha.

Saa kumi tuliweka mkebe wa waridi ndani ya mfuko, na viazi vya kumpelekea yule bibi wa Siakago kwenye keria. Baba alivaa koti lake la kufundishia, akaingiza suruali ndani ya soksi. Aliinua mguu kupita juu ya kiti kama siku zote, na mimi nilifikiri, anaweza, mtazame tu.

Mlima wetu si mkali. Watoto huupanda wakikimbia, wakitoka kisimani na mitungi. Alipita kahawa yetu, akapita miti ya mwanzo wa shamba la jirani, mgongo wake ukizidi kuinama kwenye mfuko. Palipo na karavati, pale maji yanapopita chini ya barabara, nusu ya njia, alishusha mguu. Alisimama hivyo, amelalia usukani, uso juu ya plastiki ya ramani. Nilipofika mbio alisema bila kuinua kichwa:

"Mzigo ni mzito."

Haukuwa mzito. Viazi vilikuwa vya kupika mara mbili.

Alirudi kwa miguu, polepole, na mimi nyuma nikiikokota baiskeli. Hapo ndipo nilipohisi kitu. Tulikuwa tunateremka na bado nilikuwa nikiisukuma. Nilisimama, nikainua gurudumu la mbele, nikalizungusha kwa mkono. Lilikwaruza likasimama hapohapo. Blekimamba haina waya za breki, ina vyuma vinavyopita chini ya usukani kwenda gurudumuni. Mfuko aliokaza shangazi usipumue ulikuwa umekibana chuma cha mbele, na breki ilikuwa imeshika tangu tulipotoka langoni. Baba alikuwa amepanda mlima na breki imefungwa!

Sikuwa nimewahi kupiga kelele maishani mwangu. Siku hiyo nilipiga.

"Ni breki! Baba, ni breki! Si wewe!"

Nilikimbiza baiskeli hadi uani, nikiwaeleza wote kwa pamoja. Shangazi alijipiga kifua.

"Kumbe ni mimi niliyemfunga kaka yangu! Woi, nipigeni!"

Nilikata fundo lake kwa kisu, nikafunga upya kwa vile vidole viwili vyangu, nikalizungusha gurudumu. Lilizunguka, likazunguka, bila kelele. Nilimwonyesha mama. Nilimwonyesha baba. Alilitazama hadi liliposimama lenyewe, na uso wake haukuwa na furaha kama yangu. Nililiona hilo. Nililiona nikalipuuza.

"Mara moja tu," mama alisema. "Usiniombe ya tatu."

Safari ya pili alipita karavati. Nilikuwa nimebaki langoni, mkono mdomoni. Alipita shamba la jirani lote. Lango la kanisa lilikuwa mbele yake, limefunguliwa kwa ajili ya waimbaji waliokuwa wakifanya mazoezi ndani, na baiskeli ikaanza kuandika barabarani, kushoto, kulia, kushoto. Zilibaki kama hatua thelathini. Mguu ukashuka.

Nilipomfikia midomo yake ilikuwa rangi ya majivu. Nilishika usukani upande mmoja ili asiushike peke yake. Tulikaa hivyo muda mrefu, waimbaji wakirudia mstari mmoja ambao mtu mmoja wao alikuwa akiukosea. Ndani ya mfuko mche ulikuwa salama. Hata chembe ya udongo haikuwa imemwagika.

"Umefunga vizuri," alisema alipopata pumzi.

Nilishika breki ili baiskeli isirudi nyuma.

"Hata mara ya kwanza nilijua ni breki, mama. Nilianza kuisikia kwenye kahawa yetu."

"Na kwa nini hukusema?"

Alitazama lile lango. Alijifuta jasho kwa mkono wa koti.

"Niliona heri iwe breki."

Nimeyaandika maneno hayo jinsi alivyoyasema. Alikuwa amejitafutia kitu cha kulaumu, kitu kidogo cha chuma, angekaa nacho mwaka mzima akisema, ile siku ningefika, ni vile mfuko ulifungwa vibaya. Na mimi, kwa ujuzi wangu, na kwa kelele zangu za mara moja maishani, nilikuwa nimekiondoa. Nilitamani ningekuwa yule mtu wa siku zote, anayeona kitu akanyamaza.

Tulipokunywa chai hakuna aliyetaja Siakago mpaka baba mwenyewe alipoitaja.

"Kushuka ningeshuka," alisema. "Barabara yote ni mteremko. Hata pedali huhitaji."

"Na kurudi?" mama aliuliza.

Baba alikoroga chai ambayo tayari sukari yake ilikuwa imeyeyuka. Nilimtazama mama, naye alikuwa akimtazama baba kwa namna ambayo sikupaswa kuiona, nikaangalia chini. Nadhani wote wawili walijua kwamba baba alikuwa tayari kushuka tu, hata asirudi.

"Mnahojiana kama mko mahakamani," shangazi alisema, lakini sauti yake haikuwa na mzaha. "Na huo mche je? Utakaa hapo ukitutazama?"

Ndipo niliposema. Nilisema nikiangalia kikombe, kwa sauti ambayo walilazimika kunyamaza ili kuisikia.

"Nitaupeleka mimi."

"Kwa gari?" mama aliuliza.

"Kwa baiskeli ya baba. Mfuko ulipimwa kwa hiyo."

Hakuna aliyecheka. Shangazi alisema kama ni hivyo yeye atapanda gari, ataningoja sokoni Siakago na kulala nami kwa yule bibi, na kurudi mlimani baiskeli itapakiwa juu ya gari, hana haja ya shujaa. "Ukichelewa," alisema, "nitakula chakula chako chote na sitaona aibu." Mama alimaliza chai yake. Alinyanyuka, akatia nduma kwenye sufuria. Baadaye, nilipokuwa nikiosha vikombe, alisimama nyuma yangu.

"Umwagie maji mengi," alisema. "Udongo wa pale hunywa sana."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema neno juu ya mahali pale. Nilitaka kugeuka, nikaogopa angenyamaza, nikaendelea kuosha kikombe kilekile.

Asubuhi, Jumapili, niliamka kabla ya jogoo wa jirani. Mama alikuwa ameacha nduma mezani, zimefungwa kwa kitambaa, za watu wawili kama kila mwaka, ingawa baba huenda peke yake. Niliitoa baiskeli uani. Bomba la kiti lina alama ambayo baba aliikwaruza kwa tupa alipokuwa kijana, kuonyesha kimo chake, ili aliyeazima baiskeli akirudishe kiti mahali pake. Nililegeza nati, nikakipiga kiti kwa kiganja. Kilishuka kidogokidogo, na ile alama ikaingia ndani ya bomba la chini, haionekani tena.

Baba alikuwa amesimama mlangoni, blanketi mabegani. Sijui alikuwa amekuwapo kwa muda gani.

"Usikaze sana," alisema. "Utaharibu nyuzi za nati."

Nilikaza kidogo. Nilipitisha vidole viwili chini ya mfuko, nikalizungusha gurudumu likazunguka bila kelele. Niliweka mkebe ndani, nikafunga zipu hadi nusu ili mche upate hewa, nikailainisha ramani chini ya plastiki. Baba alinisindikiza hadi barabarani, mkono mmoja juu ya usukani, kama alipokuwa akinifundisha kuendesha. Hapo aliuachilia.

"Breki ya nyuma kwanza, mama," alisema.

Nikapanda, nikaugeuza usukani upande wa Siakago.